Hongo ya Mama Mkwe

Anayehamia Dodoma hupata wageni kabla hajapata kabati. Waulizeni watumishi walioletwa hapa tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kwa vitendo, baada ya uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 kukaa miaka zaidi ya arobaini ukitekelezwa nusunusu. Zamani jamaa zetu wa pwani walikuwa na udhuru: safari ni ndefu, basi linachosha viungo, treni inalala njiani. Tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa, udhuru huo umekwisha. Mtu hunywa chai ya asubuhi Dar es Salaam, na mchana yuko mlangoni pako na kikapu cha nazi, anauliza atalala chumba kipi.

Sisemi haya kwa kulalamika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wiki ya wageni nyumba yetu hula samaki wa maji chumvi. Lakini liko jambo moja ambalo methali hiyo haikulitazamia. Sisi wenyewe si wenyeji. Mume wangu ni mzaliwa wa Bagamoyo, mimi ni wa Korogwe, na kilichotuleta Ugogo ni kazi. Katika sensa ya mwaka 2012 mji huu ulikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 765,179. Nyumba za namna yetu, basi, ni nyingi mno. Mgeni anampokea mgeni, anamtembeza, anamweleza habari za nchi ambayo yeye mwenyewe ameijua juzi, na mwenye nchi, Mgogo, anawatazama wote wawili kutoka upande wa pili wa ua.

Iko ratiba ambayo kila familia ya watumishi imekwisha kuikariri. Asubuhi mgeni hupelekwa Viwanja vya Nyerere akapigwe picha penye sanamu ya Mwalimu. Kisha huonyeshwa Bunge, na kama vikao vinaendelea huenda akabahatika kuketi ukumbini juu akawaona kwa macho yake wale anaowasikia redioni. Kisha Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Kisha safari ya kilometa 17 hivi kwenda Mtumba, kuutazama Mji wa Serikali na majengo ya wizara. Njiani hununuliwa zabibu, na mgeni huambiwa kwamba mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo hulisikia kwa heshima na kulisahau papo hapo. Saa tisa alasiri ratiba imekwisha. Mgeni hukaa barazani, huutazama upepo ukibeba vumbi jekundu, halafu huuliza: “Basi? Na nini tena?”

Juni 2025 tulipata wageni watano kwa mpigo: mama mkwe wangu, wifi yangu na watoto wake watatu. Walikuja kwa majuma mawili. Mama mkwe ana miaka sabini na ushei, hakuwahi kufika huku kamwe, na alileta kanzu ya baridi ya marehemu mumewe, maana alikuwa amesikia kwamba Dodoma iko juu na Juni yake haina mzaha. Alisikia sawasawa. Mji huu umeinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Juni hupenya hata dirisha lililofungwa.

Baridi tuliivumilia. Kilichotutia mashakani ni maji.

Nyanda hizi za kati hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, yote ikinyesha baina ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Bagamoyo hupata karibu maradufu ya hizo, tena kwa misimu miwili. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na visima hivyo vilichimbwa wakati mji haujafura hivi. Mtaani kwetu, pembezoni mwa mji, bomba hutoka kwa zamu. Nyumba ya watu wanne hujipangia: pipa hili la kupikia, lile la kufulia, na maji ya kuogea ndoo moja kwa mtu. Mtu wa pwani huoga asubuhi, huoga adhuhuri akitoka sokoni, huoga jioni kabla ya kujifukiza udi. Siku ya tatu ya ugeni mapipa yote mawili yalikuwa yanalia kama ngoma. Utamwambiaje mama mkwe asioge? Mwanamke aliyelelewa vema hawezi kulitamka neno hilo, na mume wangu alijitia kusoma gazeti.

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa upande wa nyuma, mama wa Kigogo aliyezaliwa pale pale kabla mtaa haujapimwa viwanja. Familia yake ina kisima katika mchanga wa korongo, kilichochimbwa na babu yake. Kila kiangazi hukifukua upya, hushuka ndani na kuchota kwa kibuyu. Alimwona mwanangu akikung'uta pipa, hakuuliza. Jioni alikuja na ndoo kichwani, na mjukuu wake na nyingine.

Sasa sikilizeni lililotokea. Wifi yangu alikuwa ameketi uani akisuka nywele za binti yake, ameupa mlango mgongo, na alikuwa akizungumza kwa sauti ile ya watu wa pwani isiyojua kunong'ona. Akasema: “Ndiyo maana Wagogo wamejaa mjini kwetu wakiombaomba. Nchi yenyewe haina hata maji ya kunawa uso!” Akacheka. Jirani alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake. Aliitua ndoo taratibu bila kumwaga tone, akasema, “Mbukwenyi. Karibuni maji,” akampokea mjukuu ndoo ya pili akaiweka kando ya ile ya kwanza, akaondoka.

Wifi aliposhtuka alisema ni utani tu. Mama mkwe, ambaye alikuwa juu ya mkeka na tasbihi yake, hakuinua sauti. “Utani una watu wake,” alisema. “Wewe na yule mama mmetaniana lini?”

Mimi sikuongeza neno, maana wifi hasemwi na mke wa kaka yake mbele ya mama mzazi. Lakini ngojeni niseme hapa, kwa kuwa nimeona aibu hii ikirudiwa katika nyumba nyingi za wahamiaji, na aghalabu inasemwa na watu waliosoma.

Ukiondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya kumi na tisa, ulikuwa huna budi kukatiza Ugogo. Misafara ilikuwa na mamia ya watu, wapagazi wakibebeshwa nguo na shanga wakienda, na pembe za ndovu wakirudi. Baada ya Mpwapwa walikutana na Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji, waliyoivuka kwa mwendo wa kukimbia, usiku na mchana. Ng'ambo yake walifika kwa Wagogo, na hapo walidaiwa hongo. Kila mtemi alitaka yake, kwa idadi ya vitambaa, shanga na waya, na mabishano yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wageni wa Kizungu waliopita huku, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, walijaza vitabu vyao kwa manung'uniko juu ya hongo za Ugogo, na wasomaji wa Ulaya wakaamini kwamba Mgogo ni mnyang'anyi wa njiani.

Jambo la hongo ni rahisi kulielewa ukiwa na pipa tupu. Wakati wa kiangazi maji ya Ugogo hayajipatii njia yenyewe. Hutolewa ardhini kwa mikono, kibuyu kwa kibuyu, na kisima kinachotosha kaya kumi na ng'ombe wao huweza kukaushwa na msafara mmoja katika usiku mmoja. Aliyedai hongo alikuwa akidai thamani ya jasho lake na ya kiu itakayompata msafara utakapokwisha kupita. Leo neno hilo limechafuka. Ukitaja hongo, watu huwaza bahasha chini ya meza. Walakini hongo ya kale ililipwa hadharani, mchana, mbele ya watu wote, na aliyelipa alikunywa.

Na hao wanaochekwa kwa kuomba? Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe wa Wagogo, yakachukua nafaka zao, yakachukua vijana wao kuwa wapagazi. Mvua nazo zikakosa. Njaa iliyofuata, mpaka kufikia mwaka 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000. Watu walikwenda kuhemea popote palipokuwa na chakula. Anayetaka kumcheka Mgogo aliye mjini na aanzie hapo, halafu tuone kama kicheko kitamtoka.

Siku ya pili yake mama mkwe alinambia jambo ambalo hata mwanawe alikuwa halijui. Babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi katika miaka ya mwisho ya misafara, kabla reli ya Wajerumani haijafika Dodoma mwaka 1910. Mzee huyo aliwasimulia wajukuu habari za Marenga Mkali kama wengine wanavyosimulia habari za majini. Mtu alikuwa akianguka kwa kiu, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake. “Alikuwa akisema Mgogo hakuuzii njia,” mama alinambia, “anakuuzia maji, na maji yake ni halali yake.” Kisha akaniomba nimwonyeshe hii nchi yenyewe, si majumba. Majumba, alisema, hata Dar es Salaam yapo.

Basi Jumamosi mume wangu aliazima gari la rafiki yake na tukashika njia ya Kondoa baada ya sala ya alfajiri. Barabara hiyo iliyokuwa kilio cha wasafiri ina lami hadi Babati, ilizinduliwa mwaka 2018. Mbele ya Chemba mibuyu imesimama mashambani kama wazee waliosahau walichotaka kusema. Watoto waliona magunia ya ubuyu yakiuzwa kando ya njia, na wifi, ambaye maisha yake yote amekula ubuyu mwekundu wa pwani wenye sukari na iliki, alistaajabu kuambiwa kwamba mabuyu mengi hutoka mikoa hii ya kati. Akanunua debe zima. Nikatabasamu kidogo, nikatazama dirishani.

Tulivuka mji wa Kondoa, tukaendelea kilometa ishirini na ushei hadi Kolo. Hapo ipo ofisi ya mambo ya kale, na hairuhusiwi kupanda mapangoni bila kiongozi. Michoro ya miamba ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo zima ni kilometa za mraba 2,336, na inakisiwa mapango na miamba yenye michoro ni kati ya 150 na 450. Mary Leakey, yule mtafiti ambaye jina lake huambatana na Olduvai, alikaa huku mwaka 1951 na mumewe Louis akiinakili michoro hiyo mmoja mmoja, kisha akaichapisha katika kitabu mwaka 1983. Hao nao walikuwa familia ya wageni waliotembea kutazama nchi, ingawa walitembea na penseli.

Mama mkwe alipanda kilima kwa fimbo, akipumzika kila hatua kumi, na kiongozi, kijana wa Kirangi, alimngoja kwa adabu bila kumhimiza. Tulipofika juu, ukuta wa jiwe ulikuwa umejaa watu. Watu wembamba, warefu, wekundu, wengine na vichwa vikubwa kama waliovaa vilemba. Na baina yao twiga, tembo na pofu. Juu ya wekundu wamepakwa weupe, wanene zaidi, wa zama za karibu. Kiongozi alieleza kwamba wekundu huhesabiwa kuwa kazi ya wawindaji wa kale, ambao Wasandawe wa leo huonekana kuwa jamaa zao, na weupe ni wa wakulima waliokuja nyuma. Alituonyesha pia mahali panapoitwa Mungumi, ambapo Warangi huja hata sasa kuombea mvua na wagonjwa. Mtoto mdogo wa wifi aliuliza waliochora ukutani walichapwa na nani, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Mama mkwe alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Mwisho akasema: “Kwa hiyo hawa ndio wa kwanza. Warangi wakaja, Wagogo wakaja, babu yangu akapita na mzigo, na ninyi mmekuja na mafaili yenu. Hawa wekundu, nani aliwalipa hongo yao?”

Tulikula mchana Kondoa mjini, na hapo pwani ikamrudia: adhana, kofia za viua, wali, Kiswahili kisichogugumia. Misafara ilipita huku pia na ikaacha watu wake. Yule mzee mwenye hoteli alituonyesha kwa kidole makorongo makubwa yaliyochimbwa na mmomonyoko, akasimulia jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulivyohamisha mifugo yote mwaka 1979 ili ardhi ipate kupona. Wenye ng'ombe walilia, alisema. Vilima sasa vina majani, lakini kilio kile bado anakikumbuka.

Jumapili asubuhi mama mkwe alifungua sanduku lake. Akatoa doti ya kanga ambayo haijakatwa, nazi sita, na papa mkavu aliyefungwa kwa gazeti. Alivipanga ndani ya kikapu, akamtwisha wifi, na sote tukazunguka ua hadi kwa jirani. Wifi alikwenda kimya, kikapu kichwani, na hakuna aliyemwambia aseme neno.

“Hodi, mwenzangu,” mama alisema. “Nimeleta hongo.”

Jirani aliacha kupepeta uwele. Uso wake ulikunjamana, na kwa kweli nilidhani mambo yameharibika, kwa kuwa yeye alilisikia neno hilo kama linavyosikika leo. Mama akaketi chini bila kungoja kigoda akamweleza: babu yake, mzigo, Marenga Mkali, kiu, kibuyu cha kwanza upande wa pili. “Alilipa ya kwake,” alisema, “lakini sisi tumekuja watu watano na hatujalipa.” Jirani alimtazama, akatazama papa mkavu, akatazama wifi yangu ambaye shingo ilikuwa inaanza kumuuma. Ndipo akacheka hadi ungo ukamponyoka. Akamtua wifi kikapu kwa mikono yake mwenyewe. Tulikula kwake siku hiyo, ugali wa uwele na mlenda wa majani makavu uliotiwa karanga. Wifi alikula akanyoosha mkono aongezwe.

Yeye ndiye aliyetupeleka Chamwino juma lililofuata, kwa jamaa zake waliokuwa na ngoma baada ya mavuno. Wageni wengi hupelekwa Chamwino kuona ukuta wa Ikulu mpya, iliyozinduliwa Mei 2023, na wazee wa hapo huwaonyesha pia mahali ambapo mwaka 1971 Mwalimu alifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Sisi tulipita mbele tukaenda ngomani. Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, zimebanwa baina ya mapaja, na mlio wake husikika kwanza tumboni kabla haujafika masikioni. Zeze likaingia, na sauti za watu zikapandana. Mama mkwe alinishika mkono kwa nguvu. “Hii ngoma ya kwetu!” alisema. “Hii naijua tangu zamani, hii ya Bagamoyo!”

Hakukosea. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa Dodoma, alichukuliwa kwenda kupiga muziki katika kikundi cha taifa, kisha akaweka makazi Bagamoyo, akafundisha pale katika chuo cha sanaa, akaupeleka muziki wa Kigogo Ulaya na Asia mpaka alipofariki mwaka 2003. Watu wa Bagamoyo waliishi miaka mingi wakisikia zeze la Ugogo likitoka nyuma ya minazi, na wengine, kama mama, wakalihesabu kuwa mali ya mji wao. Jirani aliposikia habari hiyo alifurahi mno. Aliuliza kama huko Bagamoyo walimpokea vizuri mtu wao.

“Tulimpa maji,” mama mkwe alisema.

Wageni waliondoka Jumatano kwa treni ya asubuhi, na debe la ubuyu chini ya kiti. Jirani amealikwa Bagamoyo mwezi wa Desemba. Hajawahi kuiona bahari. Juzi alinijia uani na swali ambalo, nadhani, lilikuwa likimsumbua tangu siku ile ya papa mkavu. Alitaka nimwambie kweli: maji yote yale, mpaka jicho linapokoma, na hakuna mtu anayeweza kuyanywa?